Kishonanguo: Adui wa Shamba, Msaada wa Kidonda

1. Mgeni anayeshika nguo

Watoto, bila shaka mmekwisha kuona jambo hili. Jioni mnatoka shambani, mnapita katika njia nyembamba, majani yanawagusa miguu huku na huku. Mkifika nyumbani, mama anatazama nguo zenu, anasema: «Mmepita wapi leo?» Nanyi mnajitazama. Nguo zimejaa vijiti vidogo vyeusi, vyembamba kama sindano. Ukizipangusa kwa mkono, havianguki. Basi mnakaa mlangoni, mnaving'oa kimoja kimoja mpaka usiku unaingia.

Vijiti hivyo ni mbegu. Ni mbegu za jani moja linalomea kando ya njia, nyuma ya jiko, katika uwanja wa shule na katika shamba lililoachwa. Watu wa Tanzania huliita kishonanguo, kwa kuwa hushona nguo bila uzi. Waganda huliita ssere. Wanyarwanda huliita inyabarasanya. Sisi wa Maniema tuna lugha nyingi, tena kila lugha ina jina lake. Leo jioni muulize bibi yako: «Bibi, jani hili wazee waliliitaje?» Kesho umwambie mwalimu jina hilo.

Wenye elimu ya mimea huliita kwa Kilatini Bidens pilosa. Jina hilo lilitolewa mwaka 1753 na mtu wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliyeipa mimea mingi sana majina yake. Bidens ni kusema «meno mawili». Pilosa ni kusema «yenye nywele». Chukua mbegu moja, uitazame karibu na macho. Kwenye ncha yake utaona meno mawili, au matatu, na kila jino lina miiba midogo inayoelekea nyuma, kama ndoana ya mvuvi. Ndiyo sababu huingia katika nguo upesi, lakini kutoka haitaki.

2. Namna ya kulitambua

Kabla ya kutumia jani lolote, sharti kwanza ulijue vizuri. Anayechuma kwa haraka huchuma sumu. Basi shika alama hizi za kishonanguo:

Shina lake limesimama, nalo lina pembe nne. Zungusha shina kati ya vidole, utazisikia. Urefu wake ni kama kiuno cha mtoto, na mahali penye udongo mzuri hufika kifuani mwa mtu mzima.

Majani yake hutoka mawili mawili, moja huku, moja kule. Mara nyingi kila jani limegawanyika vipande vitatu, pengine vitano, na ukingo wake una meno kama msumeno.

Ua lake ni dogo, la manjano katikati. Pengine kando yake kuna vipande vichache vyeupe, pengine hakuna.

Ua likikauka, mbegu nyeusi husimama pande zote kama nywele za mtu aliyeogopa. Alama hii haipotezi mtu.

Ukikosa alama moja, acha jani hilo, umwite mtu mzima anayejua.

3. Adui wa shamba

Asili ya kishonanguo si Afrika. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Kilisafiri pamoja na watu na mizigo yao, na leo humea karibu katika nchi zote za joto. Hakikulipa nauli. Kilishika nguo za wasafiri, manyoya ya wanyama na magunia ya nafaka, kikaenda.

Mkulima hakipendi, na anayo haki. Mmea mmoja huweza kuzaa mbegu 3.000 au zaidi. Hukua upesi, hunywa maji ya mimea mingine na kuinyima mwanga. Shamba la maharagwe au la karanga lisilopaliliwa hushindwa nacho. Kwa hiyo palilia kishonanguo kabla ya kutoa mbegu. Anayengoja mpaka mbegu ziwe nyeusi amekwisha kupanda shamba la mwaka ujao.

Lakini jani baya shambani si jani baya kila mahali. Katika nchi nyingi za Afrika watu huchuma majani yake machanga, huyapika kama lengalenga, wakatia karanga. Katika miezi ya njaa, wakati muhogo umekwisha na mpunga haujaiva, jani hilo limesaidia jamaa nyingi. Tena wazee wa nchi nyingi wanajua faida yake nyingine: husaidia kidonda kinachotoka damu. Tuone sasa faida hiyo, na mpaka wake.

4. Siku ya kukata mpunga

Tufikiri mtoto mmoja wa darasa la nne. Ni siku ya kukata mpunga. Amekwenda na baba yake na bibi yake shambani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Tunda. Jua ni kali. Mtoto anashika masuke kwa mkono wa kushoto, anakata kwa kisu kwa mkono wa kulia. Mara moja kisu kinateleza, kinamkata kidole. Damu inaruka juu ya mpunga. Mtoto analia.

Bibi hakimbii ovyo. Anamkalisha mtoto chini ya kivuli. Anauinua mkono wake juu kupita kichwa. Anamwambia: «Usiogope, mjukuu wangu. Nitazame mimi, usitazame damu.» Kando ya shamba kishonanguo ni tele. Anachuma majani machanga, anayasugua kati ya viganja mpaka yatoe maji ya kijani, anayaweka juu ya kidonda, anabonyeza kwa nguvu. Mtoto anasikia uchungu kidogo. Baada ya muda damu inasimama.

Bibi anasema: «Basi, kimekwisha. Turudi kazini.»

Lakini baba anakitazama kile kisu, anafikiri. Anasema kwa heshima: «Mama, umefanya vema, damu imesimama. Lakini kisu hiki jana kilichimba muhogo. Kina udongo. Afadhali nimpeleke mtoto kwa munganga.»

Bibi anajibu: «Kwa kidole kimoja utaacha mpunga juani? Mimi nimetibu vidole vingi.»

Baba anasema: «Ni kweli, Mama. Mpunga utatungoja mpaka kesho. Nisemayo mimi ni udongo, si damu.»

Nani ana haki, bibi au baba? Usijibu upesi. Soma kwanza.

5. Kwa nini damu ilisimama

Sababu ya kwanza ni mkono wa bibi. Damu hupita mwilini ndani ya mishipa, kama maji katika mfereji. Mshipa mdogo ukikatwa, damu hutoka. Ukibonyeza hapo bila kuachilia, damu hutulia, hugandamana, na kuziba tundu. Ukiachilia kila mara ili utazame, unavunja kizibo, na damu huanza tena. Kuinua mkono juu pia husaidia, kwa kuwa damu hupanda kwa shida.

Sababu ya pili ni jani lenyewe. Wataalamu wamelichunguza katika nchi mbalimbali. Wamekuta ndani yake vitu vinavyozuia vijidudu fulani visiongezeke. Basi wazee hawakusema uongo. Waliona kwa macho yao kwamba kidonda kilichowekwa jani hili mara nyingi hukauka vizuri, wakawafundisha watoto wao.

Hata hivyo mkono ni mkubwa kuliko jani. Bila kubonyeza, jani halizuii damu nyingi.

6. Namna ya kufanya

Ukijikata kidogo, nawe u karibu na nyumbani, fanya hivi:

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni.

Pili, osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, mpaka udongo wote utoke. Kazi hii inapita dawa zote za majani. Maji yaliyochemshwa na kupoa ndiyo bora.

Tatu, bonyeza kwa kitambaa safi, muda wa dakika 10, bila kuachilia. Kama huna saa, hesabu polepole mpaka 600.

Nne, funga kidonda kwa kitambaa kingine safi, kilichofuliwa na kuanikwa juani. Kitambaa kikilowa au kikichafuka, kibadilishe.

Kama upo mbali shambani, huna kitambaa wala sabuni, hapo ndipo jani la bibi lina kazi. Lakini chuma majani ya juu, machanga, yasiyoguswa na udongo. Usichume kando ya njia ya mbuzi, wala karibu na choo, wala katika shamba lililopigwa dawa ya wadudu. Yaoshe kwa maji safi ya kunywa kabla ya kuyaponda. Yaponde kwa mikono iliyooshwa. Usiyatafune kinywani na kuyatema juu ya kidonda, kwa kuwa kinywa kina vijidudu vingi. Ukifika nyumbani, ondoa majani yote, ukaoshe kidonda vizuri kwa sabuni.

Tena kuna vitu visivyofaa kamwe kuwekwa katika kidonda: udongo, majivu ya jiko, mavi ya ng'ombe au ya mbuzi, na mafuta ya gari.

Kuna vidonda ambavyo jani halina kazi kwavyo. Kidonda kirefu kinachoonyesha nyama ya ndani. Kidonda cha msumari au cha mwiba mrefu. Kidonda cha kuumwa na mbwa au na nyoka. Damu inayoruka, au isiyosimama baada ya kubonyeza dakika 10. Vidonda hivyo ni vya munganga, leo hii, si kesho. Njiani endelea kubonyeza.

7. Adui aliye katika udongo

Sasa turudi kwenye shauri la baba na bibi. Baba aliogopa nini katika udongo wa kisu?

Aliogopa pepopunda. Wengine hufikiri ugonjwa huu unaletwa na pepo mbaya au na uchawi, kwa sababu mwili wa mgonjwa hukakamaa kwa kutisha. Sivyo. Unaletwa na kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Kinakaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Kinajifunga ndani ya ganda gumu, na hivyo huweza kungoja miaka mingi. Hakipendi hewa. Kikiingia katika kidonda chembamba na kirefu, ambamo hewa haifiki, kinaamka, kinaongezeka na kutoa sumu.

Sumu hiyo huenda katika mishipa ya fahamu. Kwanza taya hukaza, mgonjwa hawezi kufungua kinywa. Kisha shingo, tumbo na mgongo hukakamaa. Sauti ndogo tu, au mwanga, humtia mgonjwa mitukutiko. Mwisho hawezi kuvuta pumzi. Wengi hufa, hata wakipelekwa hospitali.

Tena sikieni jambo hili la kuogofya. Ugonjwa hauji siku ile ya kujikata. Mara nyingi huja baada ya siku 3 mpaka 21. Siku hizo kidonda kinaweza kuwa kimekwisha kupona kabisa. Watu wamesahau. Kumbe adui amekwisha kuingia, na mlango umefungwa nyuma yake.

Je, jani la kishonanguo huweza kumfukuza adui huyu? Hapana. Linasaidia damu, halizuii pepopunda. Tena jani lenye udongo huweza kumleta.

Kinachozuia pepopunda ni chanjo. Mwaka 1889 mtaalamu wa Japani, Kitasato Shibasaburo, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alifaulu kukitenga kijidudu hicho peke yake. Mwaka 1890 yeye na mwenzake Emil von Behring walionyesha kwamba mwili huweza kutengeneza kinga dhidi ya sumu yake. Baadaye, katika miaka ya 1920, chanjo ilitengenezwa Ufaransa. Leo katika Kongo watoto wachanga huchanjwa wakiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mama mwenye mimba huchanjwa pia, ili mtoto wake asipate pepopunda kwa njia ya kitovu. Lakini kinga hupungua kwa miaka, kama jembe linavyolika. Ndiyo sababu mtu mwenye kidonda kichafu yafaa aulizwe: «Ulichanjwa lini?»

Baba alimpeleka mtoto Tunda. Bibi aliwafuata nyuma, kikapu kichwani, bila kusema neno. Munganga aliondoa majani, akaosha kidonda kwa sabuni na maji mengi. Aliuliza: «Nani alimbonyeza kidole na kumwinua mkono?» Bibi akajibu: «Ni mimi.» Munganga akasema: «Asante, Bibi. Umefanya kazi ya munganga kabla ya munganga. Ila siku nyingine osha majani kwanza.» Kisha akatazama kadi ya mtoto. Chanjo ya mwisho alikuwa ameipata akiwa na wiki 14 tu. Basi akamchoma sindano ya kinga.

Njiani kurudi bibi alisema: «Jani langu limezuia damu, na sindano yake imezuia mauti. Kila kitu na kazi yake.» Hivyo bibi alikuwa na haki, na baba alikuwa na haki, kila mmoja katika sehemu yake.

8. Juu ya kidonda, si tumboni

Watu wengine huchemsha kishonanguo na kumpa mgonjwa wa homa anywe. Husema kinaponya malaria. Huko Brazili wataalamu wamelijaribu jani hili kwa panya wenye malaria, wakaona nguvu fulani. Lakini panya si mtoto. Hakuna anayeweza kukuambia: vikombe vingapi, siku ngapi, kwa mtoto wa kilo ngapi. Malaria huweza kumwua mtoto mdogo kwa siku moja au mbili. Siku anazotumia kunywa majani ndizo siku za kumwokoa. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu, apewe dawa iliyopimwa, aimalize yote.

Wala msidhani kwamba dawa za hospitali hudharau majani. Mwaka 1971 huko Uchina, bibi mmoja mtaalamu, Tu Youyou, alitafuta dawa ya malaria katika vitabu vya wazee wa nchi yake. Katika kitabu cha zamani sana alisoma kwamba jani fulani linapaswa kulowekwa katika maji na kukamuliwa. Akafahamu kwamba moto mwingi huharibu nguvu yake. Akabadili namna ya kuitoa dawa, akajaribu mara nyingi, na mwaka 1972 ikapatikana artemisinini. Leo dawa hiyo ndiyo msingi wa vidonge vya malaria tunavyopewa Maniema. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Alianza kwa jani, lakini hakuishia kwa jani. Alipima, akahesabu, akajaribu, ndipo akawapa watu.

Tena mjihadhari na kuchanganya majani. Katika mashamba yetu liko jani jingine lenye nywele, harufu kali, na maua madogo mengi kama vifungo vya rangi ya samawati au nyeupe. Hilo pia hupondwa na kuwekwa juu ya vidonda. Lakini ndani yake mna sumu ya ini. Katika jimbo la Tigray, huko Ethiopia, kuanzia mwaka 2001 watu wa vijiji fulani walianza kuvimba tumbo na kufa kwa ugonjwa wa ini. Wachunguzi walikuta mbegu za jani hilo zimechanganyika na nafaka yao. Basi shika kanuni hii: jani linalosaidia juu ya ngozi linaweza kuua tumboni.

9. Shikeni maneno haya

Kishonanguo ni adui shambani: palilia mapema. Ni msaada njiani, mtu akijikata kidogo mbali na nyumbani. Kwanza bonyeza, kisha jani safi, kisha sabuni na maji. Kidonda chenye udongo kipelekwe kwa munganga, hata kama damu imesimama. Homa haitibiwi kwa jani hili.

Tuwaheshimu wazee kwa kuyashika waliyoyaona kwa macho yao. Tuwasaidie kwa kuwaambia wasiyoweza kuyaona, yaani vijidudu vilivyo katika udongo.

Maswali

1. Kwa nini mbegu za kishonanguo hazitoki katika nguo upesi?
2. Taja alama nne za kulitambua jani hili.
3. Kwa nini si vizuri kuachilia kidonda kila mara ili kukitazama?
4. Pepopunda hutoka wapi, nayo huzuiwa kwa nini?
5. Kwa nini mtu huweza kupata pepopunda baada ya kidonda kupona?
6. Tu Youyou alifanya nini kwa jani alilolisoma kitabuni?

Kazi ya nyumbani

Muulize mama mahali ilipo kadi yako ya chanjo. Soma tarehe zilizoandikwa juu yake. Kama kadi imepotea, au kama chanjo moja haipo, umwambie mama au baba leo hii, kabla ya siku ya kukata mpunga.